Mwenyeji na Mgeni Wake: Historia ya Vilabu vya Rotary Kusaidiana Kuvuka Mipaka

Mwaka 1975, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, msichana wa miaka mitano kutoka nchi hiyo alisafirishwa hadi jimbo la New York kufanyiwa upasuaji wa moyo. Waliosimamia jambo hilo hawakuwa serikali wala shirika kubwa la misaada. Walikuwa wanachama wa klabu ya Rotary ya Manhasset, mji mdogo wa Long Island, watu waliozoea kukutana kwa chakula mara moja kwa wiki na kuchangishana kwa shughuli za mtaani kwao. Upasuaji ulifanyika katika Hospitali ya St. Francis huko Roslyn, mtoto akapona, na klabu ikajikuta imeanzisha kazi ambayo haikuwahi kuipanga. Ikaitwa Gift of Life, na tangu hapo imewafikia makumi ya maelfu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika nchi nyingi.

Kisa hicho husimuliwa sana, na kwa kawaida husimuliwa kuanzia pale ndege ilipotua. Lakini mtoto mgonjwa wa Uganda hafiki Long Island kwa bahati. Yupo aliyemwona nyumbani, akatambua kwamba ugonjwa wake unatibika, akatafuta wa kumwandikia, akahangaikia karatasi za safari katika nchi ambayo miaka hiyo karatasi hizo hazikupatikana kirahisi. Kwa maoni yangu, historia ya ushirikiano wa kimataifa ndani ya Rotary ni historia ya mtu huyo wa upande wa nyumbani. Alianza akiwa hatajwi. Ilichukua miongo mingi, kanuni nyingi na miradi kadhaa iliyoharibika mpaka akakubaliwa kuwa ndiye mwenye kazi.

Rotary yenyewe ilizaliwa Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili Paul Harris alikutana jioni hiyo na wenzake watatu katika chumba namba 711 cha jengo la Unity: Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Hiram Shorey aliyekuwa na duka la ushonaji, na Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, ambaye ofisi ilikuwa yake. Walikubaliana wawe wanakutana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na jina likatokana na zamu hizo. Hawakuwa na mawazo ya kuihudumia dunia. Walitaka urafiki na biashara katika jiji kubwa ambamo hakuna anayemjua mwenzake. Huduma ilikuja baadaye kidogo, na mradi wao wa kwanza wa kijamii haukuwa na fahari yoyote: mwaka 1907 walisukuma mpaka Chicago ikapata vyoo vya umma katikati ya jiji. Naupenda sana mwanzo huo. Choo cha umma hakijengwi na mtu asiyejua watu wanapita wapi na wanakwama wapi.

Kutoka hapo vilabu vilienea upesi. Winnipeg, Kanada, ilipata klabu mwaka 1910, London, Dublin na Belfast mwaka 1911, na Havana mwaka 1916. Mwaka 1922 chama kikachukua jina la Rotary International. Barani Afrika klabu ya kwanza ilikuwa ya Johannesburg, mwaka 1921. Nairobi ilifuata mwaka 1930, Dar es Salaam 1949, Kampala 1957. Lazima isemwe wazi kwamba vilabu hivyo vya mwanzo vya kwetu vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vya walowezi, maofisa na wafanyabiashara wa enzi ya ukoloni. Walikula, walisikiliza hotuba, walichanga fedha. Mwafrika alionekana zaidi kwenye orodha ya wanaosaidiwa kuliko kwenye kiti cha mwanachama. Ushirikiano wa kimataifa ulikuwepo kwa maana kwamba mtu wa Nairobi akifika London angekaribishwa mezani, lakini ulikuwa ushirikiano wa watu wa aina moja.

Ulaya nako chama hiki kilionja uchungu wa kuwa cha kimataifa. Vilabu vya Ujerumani vilijaribu kuishi na utawala wa Hitler, wanachama Wayahudi wakaondolewa, na bado haikusaidia, kwani mwaka 1937 vilabu hivyo vilivunjwa. Vita vilipokwisha, vilabu vya Ufaransa na Ujerumani vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuunda kamati za pamoja kati ya nchi na nchi. Watu ambao jana walikuwa wakipigana walikaa kupanga ziara za vijana na kusomeshana. Ni sura fupi katika vitabu vya Rotary. Ilistahili kuwa ndefu zaidi, maana hapo ndipo wazo la klabu ndugu, ya mji huu na ya mji ule, lilipata uzito wake.

Fedha za kuendeshea mambo haya zina historia ya unyenyekevu. Mwaka 1917, kwenye mkutano mkuu wa Atlanta, rais wa chama, Arch Klumph wa Cleveland, alipendekeza kuwe na akiba ya kutendea mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City, Missouri, mwaka 1918: dola 26 na senti 50, salio la gharama za mkutano walioandaa. Mwaka 1928 akiba hiyo ikapewa jina la Mfuko wa Rotary. Mwaka 1930 ukatoa msaada wake wa kwanza, dola 500 kwa chama cha kuhudumia watoto wenye ulemavu, kisha mdororo wa uchumi ukaubana. Ulifufuka Paul Harris alipofariki mwezi Januari 1947. Alikuwa ameacha maneno kwamba watu wasilete maua, wachangie Mfuko, na michango ikamiminika. Mwaka huohuo wanafunzi 18 wakapelekwa kusoma nje ya nchi zao kwa fedha hizo.

Mabadiliko ninayoyaona makubwa kuliko yote yalikuja mwaka 1965, na wakati huo hayakupigiwa tarumbeta. Mfuko ulianzisha aina mpya ya msaada, baadaye ukaitwa ruzuku linganifu. Klabu ya mahali penye shida inatafuta klabu ya nchi nyingine, kila moja inatoa chake, kisha Mfuko unaongezea juu ya walichotoa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harambee hahitaji kufundishwa utaratibu huu: mgeni rasmi haanzi kuchangia mpaka aone wenyeji wametoa nini. Lililokuwa jipya ni sharti la kuwa wawili. Klabu tajiri ya Ohio au ya Stockholm haikuweza kupata nyongeza hiyo kwa kujiamulia tu kwamba itachimba kisima Singida. Ilipaswa kuwa na wenyeji kule, wenye jina, anwani na sahihi.

Hapa yafaa kueleza wawili hao hukutana vipi, maana watu wa nje hudhani kuna ofisi kubwa mahali fulani inayowaunganisha. Mara nyingi huanza na kibendera. Kila klabu ya Rotary ina kibendera chake cha kitambaa, cha ukubwa wa kubebeka mkobani, chenye jina la mji na picha ya kitu wanachojivunia: mlima, jahazi, mnara, twiga. Mwanachama anaposafiri huulizia klabu ya huko inakutana lini, huingia, hujitambulisha baada ya kengele kupigwa, na kabla ya chakula kwisha hukabidhiana kibendera na rais wa klabu. Picha hupigwa. Kwenye kumbi nyingi za hoteli ambamo vilabu hukutana, vibendera hivyo huning'inizwa kwa safu, na anayevijua huweza kukuonyesha kipi kilizaa maktaba na kipi kilizaa vitanda vya wodi ya wazazi. Baada ya picha huja barua, siku hizi ujumbe wa simu, kisha swali: ninyi huko mnahangaika na nini? Ruzuku za maelfu ya dola zimeanzia kwenye mazungumzo ya namna hiyo kati ya mhasibu wa Moshi na mfamasia wa Ubelgiji waliokalishwa meza moja.

Kwa njia hiyo hiyo, mpango wa kubadilishana vikundi vya wataalamu vijana, ulioanza pia mwaka 1965 na kuendelea hadi 2013, ulipeleka walimu, wauguzi na wahandisi kuishi majumbani mwa wenyeji wao kwa wiki kadhaa. Mtu aliyelala chumba cha watoto nyumbani kwako na kula ugali wako hawezi tena kukuandikia kana kwamba wewe ni namba kwenye fomu.

Kisha ikaja polio, na hapo ushirikiano wa klabu kwa klabu ukapimwa kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitarajia. Clem Renouf, mhasibu wa Australia, alikuwa rais wa Rotary mwaka 1978 na 1979. Ndui ilikuwa imetokomezwa muda mfupi kabla, na habari hizo zilimchoma moyo. Akamuuliza daktari Mwanarotary wa Marekani, John Sever, kama kuna ugonjwa mwingine unaoweza kumalizwa kwa chanjo. Jibu likawa polio. Mwezi Septemba 1979, huko Makati, Ufilipino, kazi ilizinduliwa: watoto wapatao milioni 6, gharama ya takriban dola 760,000, Rotary ikinunua chanjo na serikali ikipeleka wauguzi. Waliotangaza, waliopanga foleni na kubeba visanduku vya baridi walikuwa wanachama wa vilabu vya hapohapo Ufilipino. Miaka 6 baadaye, 1985, Rotary ikatangaza mpango wa PolioPlus, ikilenga kukusanya dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 zilikuwa milioni 247. Mwaka huo mataifa yakaungana katika juhudi za dunia nzima, wakati polio ikilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi 125.

Afrika Mashariki inaijua kazi hiyo kwa karibu. Mhudumu anafika na kisanduku cha baridi begani, chanjo ikiwa kati ya vipande vya barafu. Mtoto anafunguliwa mdomo, matone mawili, kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinapakwa wino ili timu ya kesho isimrudie. Mlangoni panaandikwa kwa chaki tarehe na idadi ya watoto. Mwaka 1996 Nelson Mandela aliongoza kampeni ya kuifukuza polio Afrika, na mwaka huohuo ndipo Tanzania ilipomwona mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi cha polio cha asili. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi hicho.

Kati ya waliohangaika njiani yupo mmoja ambaye kila msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kumjua. Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali, ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili, mwezi Oktoba 1977. Alipona. Miaka ya baadaye alijiunga na kampeni ya polio nchini mwake, akienda kwa wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia kwamba yeye mwenyewe aliikwepa ya ndui kwa kuogopa sindano, na yaliyomkuta. Polio ilipolipuka upya Somalia mwaka 2013 na kuvuka hadi Garissa, Kenya, alikuwa kazini. Alifariki mwezi Julai mwaka huo kwa malaria. Fedha za Rotary, ambazo kwa vita hivi zimepita dola bilioni 2, zisingemfungua mdomo mtoto hata mmoja wa Merca bila watu wa namna yake. Na kirusi chenyewe hakijali mipaka: mwezi Februari 2022 kilionekana Lilongwe, Malawi, kikiwa na asili ya Pakistan, na wiki chache baadaye wahudumu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba.

Sasa nirudi kwenye visima, kwa sababu huko ndiko ushirikiano ulikofundishwa adabu. Kwa miaka mingi mradi uliopendwa na klabu ya nje ulikuwa kisima chenye pampu ya mkono. Kinaonekana, kinapigwa picha, kina kibao chenye majina ya vilabu viwili. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba katika nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara zaidi ya theluthi ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Sababu zake kila mwanakijiji anaweza kukutajia: mpira wa pampu umekwisha na hauuzwi karibu, fundi aliyefundishwa amehamia mjini, kamati ya maji haikukabidhiwa daftari la fedha, au kisima kilichimbwa mahali ambapo mfadhili alielekezwa na mtu mmoja mwenye shamba. Si vilabu vya Rotary pekee vilivyoanguka hapo. Mashirika ya kila aina yalianguka. Lakini vilabu vilikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, yaani wenyeji wanaoishi saa moja au mbili kutoka kisimani, na mara nyingi havikuwauliza.

Kanuni mpya zilizoanza kutumika kila mahali tarehe 1 Julai 2013 zilitokana na masomo hayo. Ruzuku za kimataifa za Mfuko sasa zina bajeti isiyopungua dola 30,000, kwa nia ya kuacha vimiradi vidogo vilivyotawanyika. Bado zinadai klabu mbili, mwenyeji na mshirika wa nje, kila upande ukiwa na kamati yake. Lililoongezwa ni kazi ya kabla na ya baada. Kabla, klabu mwenyeji ifanye tathmini ya mahitaji ikiwa pamoja na wakazi. Baada, ieleze nani atatunza, kwa fedha ipi, na mafanikio yatapimwaje. Wapo Wanarotary wanaolalamika kwamba fomu zimekuwa ndefu na ruzuku huchukua miezi mingi, na malalamiko yao yana haki, hasa kwa klabu ndogo ya mkoani isiyo na mwanachama mzoefu wa kuandika maombi. Hata hivyo mimi niko upande wa fomu ndefu. Maswali yake mengi hayawezi kujibiwa na mtu aliyeko Ulaya.

Gift of Life nayo ilipita njia hiyohiyo. Kumpeleka mtoto ng'ambo ni kuokoa mtoto mmoja, kwa gharama kubwa, huku mamia wakibaki kwenye orodha. Hatua kwa hatua mpango ulianza kupeleka timu za madaktari kwenye nchi zenyewe, kufundisha wapasuaji, wauguzi na mafundi wa mashine, na kununua vifaa vinavyobaki. Mtoto wa Uganda mwenye maradhi ya moyo leo ana Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, ambako upasuaji wa kufungua moyo hufanywa. Haiwatoshi wote, orodha bado ni ndefu, lakini mzazi anaweza kufika kwa basi.

Wenyeji nao wamebadilika. Mwaka 1989 Rotary iliondoa kizuizi kilichowaweka wanawake nje kwa miaka 84, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa uamuzi wake mwaka 1987 katika kesi ya klabu ya Duarte, California. Siwezi kufikiria vilabu vya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam vya leo bila wanawake wanaoviongoza. Mwaka 2003 Jonathan Majiyagbe, wakili wa Kano, Nigeria, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Rotary duniani. Wa pili angekuwa Sam Owori wa Kampala.

Owori alikuwa mtu wa benki na baadaye mkuu wa taasisi ya utawala bora wa makampuni nchini Uganda. Alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, miaka ya mwisho ya Amin, wakati ambao kukusanyika tu kulihitaji moyo. Tangu alipokuwa gavana wa eneo la Rotary lililounganisha nchi zetu hadi alipofariki, vilabu vya Uganda vilitoka 9 vikafika 89. Alichaguliwa kuwa rais wa mwaka 2018 na 2019, lakini tarehe 13 Julai 2017 alifariki Marekani kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji. Kilichoondoka naye ni zaidi ya cheo. Alikuwa kielelezo cha mwenyeji aliyefikia kukaa mahali ambapo kanuni zenyewe huandikwa.

Ukuaji huo ulileta fedha za nyumbani, na fedha za nyumbani zilileta sauti. Kampala ina mbio za saratani, zilizoanza mwaka 2012 kwa ajili ya kujenga huduma za matibabu ya saratani Nsambya. Dar es Salaam ina marathoni yake ya Rotary, inayokimbiwa tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, na barabara hujaa wafanyakazi wa mabenki, wanafunzi na familia zenye vigari vya watoto. Kiingilio cha mkimbiaji kinapogeuka kuwa mchango wa klabu mwenyeji, mazungumzo na mshirika wa nje huwa ya aina nyingine. Hamwiti tena aje kuona shida. Mnamwita aje kuongeza pale mlipofikia. Makerere nako, tangu 2021, kituo cha Rotary cha masomo ya amani, cha kwanza barani, kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Safari iliyoanza na wanafunzi 18 mwaka 1947 sasa inakuja pia upande huu.

Lililobaki bila kutumika vya kutosha ni jambo ambalo kanuni zimeliruhusu tangu mwanzo. Masharti ya ruzuku yanadai klabu za nchi mbili tofauti. Hayajasema popote kwamba moja itoke kwa matajiri. Mwanza ina klabu na Kisumu ina klabu, na kati yao kuna ziwa moja lenye magugu maji yaleyale, kichocho kilekile na wavuvi wanaovuka kila usiku. Tangu Julai 2021 mazingira yameingizwa rasmi katika maeneo ambayo Mfuko wa Rotary unayafadhili. Mwenyeji anaweza kuwa Mwanza na mshirika wa kimataifa akawa Kisumu, au kinyume chake mwaka unaofuata, Entebbe ikialikwa kuwa wa tatu. Mikutano ya kamati zote mbili ingefanyika kwa Kiswahili, na wajumbe wa kukagua kazi wangeondoka asubuhi na kurudi siku ya pili.